Ndege wa Berlin na Wapagazi wa Kariakoo

Wako ndege wa nchi hii ambao Mtanzania hawezi kuwaona mpaka apate pasi ya kusafiria, viza na nauli. Sisemi wale wanaohama na majira, wanaotufikia Ulaya ikiingia baridi na kurudi kwao ikipata jua. Nasema ndege waliotolewa katika misitu ya Usambara na Uluguru, katika nyika za Unyamwezi na kando ya Ziwa Viktoria, miaka mia moja na zaidi iliyopita, ambao hadi leo wamelala katika droo za Berlin, London, New York na miji mingine. Hawanyeshewi na mvua wala hawali wadudu. Ni wadudu ndio wanaotafuta kuwala wao.

Msomaji ambaye hajapata kuona vitu hivyo asidhani ni ndege waliosimamishwa juu ya tawi wakiwa na macho ya kioo. Hao ni wachache, wa kuonyesha wageni na watoto wa shule. Walio wengi wamelala chali kwa safu, mbawa zimebanwa ubavuni, macho ni vitone vya pamba, na miguu imefungwa pamoja kwa uzi. Kwenye uzi huo huning'inia kibandiko kidogo cha karatasi ngumu, na juu yake pameandikwa kwa wino jina la Kilatini, mahali, tarehe, dume au jike, na jina la mkusanyaji. Bila kibandiko, ndege huyo ni ngozi tu yenye manyoya. Pamoja na kibandiko, ni ushahidi.

Mimi ni mtoto wa Kariakoo, na baba yangu aliuza kuku. Kuku wa kienyeji waliletwa kwa treni na malori kutoka Dodoma na Singida, wamejazwa matengani, na wauzaji watatu au wanne huchanganya mzigo wao katika safari moja. Kazi yangu nilipokuwa mdogo ilikuwa kuwatambua wetu kwa kitambaa kilichofungwa mguuni: chekundu chetu, cheusi cha jirani, ukili mtupu wa mzee wa Kizaramo aliyekaa pembeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, nasi tuliona methali hiyo kila alfajiri. Basi nilipofunguliwa kwa mara ya kwanza droo ya ndege wa Afrika Mashariki katika jumba moja la makumbusho huko Ulaya, nikiwa mtu mzima, wenzangu walishangilia rangi. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja miguuni, kutaka kujua ni wa nani.

Vibandiko vilijibu upesi. Mwandiko ulikuwa wa Kijerumani, umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo, na jina la nchi limefupishwa kwa herufi za Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Jina la mkusanyaji halikosekani. Na mara nyingi jina hilo linatokea mara mbili, kwa sababu ndege mwenyewe kaitwa kwa jina la mkusanyaji.

Mtu aliyewapa majina hayo wengi wao ni Anton Reichenow, aliyezaliwa 1847 na kufariki 1941, mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la Berlin. Akiwa kijana alifika Afrika Magharibi, lakini ndege wa huku kwetu walimfuata mezani kwake. Waliletwa na madaktari, maafisa wa jeshi, wasafiri na wamisionari, naye akiwalinganisha, akiwapima mdomo na ubawa, na kuwaandika. Kitabu chake kikubwa cha ndege wa Afrika kilitoka kati ya 1900 na 1905, na hakuna aliyeandika juu ya ndege wetu baada ya hapo bila kukipitia.

Tuwatazame baadhi ya waliotunukiwa. Gustav Fischer alikuwa daktari aliyefika Unguja mwaka 1876. Mwaka 1885 alitoka pwani kuelekea Ziwa Viktoria, akamtafute Wilhelm Junker, Mrusi aliyekuwa amekwama upande wa Sudani pamoja na Emin Pasha. Hakumpata. Alirudi Berlin akafa mwishoni mwa 1886, na mwaka uliofuata Reichenow akampa jina lake kasuku mdogo mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, mkazi wa nyanda za kusini ya ziwa. Huyo ndiye kasuku anayefugwa sasa katika vizimba dunia nzima, na katika miaka ya 1980 aliuzwa nje kwa wingi kuliko karibu ndege yeyote wa porini, na serikali ilipiga marufuku biashara ya wanyama hai mwaka 2016. Richard Böhm alikaa Unyamwezi kuanzia 1880, akafa kwa homa Katanga mwaka 1884 akiwa na miaka thelathini hivi. Ndege mla nyuki mwenye utosi wa rangi ya kutu ana jina lake tangu 1882. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni, ana ndege wa nyanda za juu za kusini mwenye koo la manjano. Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama katika taasisi ya kilimo ya Amani, iliyoanzishwa 1902, ana bundi mkubwa wa Usambara.

Na yuko Karl Roehl. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili watalikumbuka jina hili, maana ndiye aliyesimamia tafsiri iliyokamilika mwaka 1937, Agano Jipya likiwa limetangulia 1930, tafsiri iliyojitahidi kuyaondoa maneno yenye asili ya Kiarabu hata Waswahili wenyewe wakaona lugha yao imenyolewa. Kabla ya hayo yote alikuwa mmisionari Usambara, na mwaka 1905 ndege mmoja wa misitu ile, mwenye ubavu wa rangi ya chungwa, alipewa jina lake. Nilifurahi kukutana naye mahali nisipomtarajia. Mtu aliyetumia miaka kutafuta neno halisi la Kibantu kwa kila kitu, yeye mwenyewe amekuwa neno la Kilatini la ndege wa Washambaa.

Emin Pasha, aliyetafutwa na wengi, naye yumo: shomoro mdogo wa rangi ya hudhurungi ana jina lake tangu 1880. Emin aliipenda kazi ya ndege kuliko utawala. Alipofikishwa Bagamoyo na Stanley mwezi Desemba 1889, karamu ikafanywa, naye, kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka dirisha la ghorofani na kuvunjika vibaya. Akapona. Miezi michache baadaye alirudi bara akiwa mtumishi wa Wajerumani pamoja na Franz Stuhlmann, na hakuiona pwani tena. Aliuawa mashariki ya Kongo mwaka 1892.

Mwaka ule ule wa 1889 yalitokea mambo mawili huko Berlin. Jumba jipya la makumbusho ya viumbe lilifunguliwa katika mtaa wa Invalidenstraße. Na serikali ya Ujerumani ikaamua kwamba vitu vyote vitakavyokusanywa katika makoloni kwa gharama za dola, na watumishi wa dola, vipelekwe kwanza Berlin. Uamuzi huo ndio unaoeleza droo zile kuliko mapenzi ya mtu mmoja mmoja kwa ndege. Daktari wa boma aliyepiga ndege kwa bunduki na risasi za serikali hakuwa na hiari ya kumpeleka kwao Bremen au München. Mkusanyiko wa Berlin leo una ndege wanaokaribia laki mbili, kutoka pande zote za dunia.

Na njia ya kwenda huko ilipita hapa. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, ikalala baada ya kifo chake, ikaamshwa na Wajerumani walioifanya makao makuu mwaka 1891. Masanduku yaliteremshwa bandarini yakiwa na pembe, mpira, ngozi za ng'ombe na ngozi za ndege. Hapa pana jambo ambalo wataalamu hulijua na wasomaji wa kawaida hawaambiwi: jina la mahali kwenye kibandiko si lazima liwe mahali ndege alipoishi. Katika karne ya kumi na tisa "Zanzibar" lilikuwa jina la biashara la pwani nzima na bara lake. Ndege aliyetoka mwendo wa siku arobaini bara, alipopakiwa Unguja, aliandikwa Unguja. R. H. W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya Zanzibar aliyewachunguza ndege wa visiwa hivyo kwa miaka mingi, na ndiye aliyemwandika bundi mdogo wa Pemba mwaka 1937, alilazimika kuwachuja wakazi wa kweli wa visiwani kutoka kwa abiria hao waliokufa. Bandari, basi, ilimeza njia nzima iliyokuwa nyuma yake.

Njia hiyo ilikuwa ya watu. Tufikirie kazi yenyewe. Ndege hupasuliwa kifuani kushuka tumboni, mwili ukatolewa wote, yakabaki fuvu, mifupa ya mbawa na ya miguu, na ngozi yenye manyoya yake. Upande wa ndani hupakwa sabuni ya arseniki ili wadudu wasiile. Ndiyo maana watunzaji wa leo huzishika ngozi hizo kwa glovu. Kisha pamba, kisha mshono mdogo. Yote hayo sharti yafanyike siku ile ile, kwani katika joto letu ndege aliyepigwa asubuhi huanza kunyonyoka jioni. Ngozi ya chozi ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Mtu aliyeweza kumchuna chozi bila kumtoboa, chini ya hema, kwa mwanga wa kandili, baada ya kutembea tangu alfajiri, alikuwa fundi. Baada ya hapo ngozi zilitiwa katika masanduku, masanduku yakabebwa vichwani, yakavushwa mito, yakalindwa na mvua na mchwa mpaka pwani. Wanyamwezi, waliojulikana kwa upagazi kuliko kabila lolote, walibeba mizigo ya Waarabu, ya wamisionari, ya wapelelezi na ya mabwana ndege, kwa mwendo ule ule.

Kwenye kibandiko hakuna nafasi ya mtu huyo. Sisemi kwamba iliachwa wazi ikakosa kujazwa. Nasema haikuchapishwa kabisa. Karatasi ilikuwa na mstari wa mahali, wa tarehe, wa jinsia ya ndege na wa mkusanyaji, na mkusanyaji ni mwenye msafara, hata kama siku hiyo alikuwa kitandani na homa na bunduki alikuwa nayo mtu mwingine.

Ukweli huu unanirudisha Kariakoo, na sijalazimisha mambo yaungane; yameungana yenyewe. Wajerumani walikuwa wamejenga pale jengo la soko kabla ya vita ya kwanza. Vita ikaingia, na Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, mahali pale pakawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Jina hilo likalainika vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Upande wa Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita ile, na waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko risasi, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwenye kutembea leo kuzunguka soko, akikwepa mikokoteni, hupita Mtaa wa Nyamwezi, hupita Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti. Vijana wauzao simu hapo hudhani ni majina ya vijiji tu. Ni vijiji kweli, ila ni vijiji vilivyopiganiwa mwaka 1917 huko kusini; Narung'ombe mwezi Julai, Mahiwa mwezi Oktoba. Mnara wa Askari uliopo Barabara ya Samora, uliosimamishwa 1927, una maandishi ya Rudyard Kipling yanayowataja wapagazi pamoja na askari, lakini aliyesimamishwa juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi alipewa soko.

Hata hivyo soko si haba. Nadhani ni vigumu kupata mji mwingine ambao mtaa wake mkubwa wa biashara unaitwa kwa jina la wachukuzi. Jengo la sasa, lenye mapaa yaliyokunjuka kama miavuli, lilichorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Liliungua Julai 2021, na hata moto haukuliondoa jina. Makuli wa Kariakoo bado huinama chini ya gunia la mchele wakipiga kelele za kuombwa kupishwa, na hakuna anayewauliza jina.

Wakati wa Waingereza ndege waliendelea kuondoka, ila sasa kwa njia nyingine. Arthur Loveridge alikuwa msaidizi katika idara ya wanyamapori, Kilosa. Mwaka 1922 chozi wa Uluguru alipewa jina lake na Ernst Hartert, aliyekuwa mtunzaji wa ndege wa tajiri Walter Rothschild pale Tring, Uingereza. Loveridge akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1924, na aliporudi kukusanya Uluguru mwaka 1926 alipata ndege mwenye utosi mweusi na mwili wa kijani na manjano, ambaye Herbert Friedmann alimwandika mwaka uliofuata. Ndege huyo haishi popote duniani ila katika milima ile. Maji tunayokunywa Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, na Ruvu hutoka Uluguru. Tunakunywa kivuli cha msitu wake kila siku, na jina lake hatulijui. Rothschild naye alipobanwa na madeni aliuza sehemu kubwa ya ndege wake kwa jumba la New York mwaka 1932, hivyo wapo waliovuka bahari mbili bila kufika mahali walipoagizwa.

Katika kundi la Waingereza, ninayemheshimu zaidi ni Reginald Moreau. Alifika Amani mwaka 1928, kazi yake ikiwa ya ofisi, akajifunza ndege kwa kuwatazama wakiwa hai: wanajenga vipi, wanalisha mara ngapi, kiota kinachukua siku ngapi. Huo ulikuwa ujuzi usioweza kupatikana droo. W. L. Sclater wa London alimpa jina la Moreau ndege mdogo sana wa Amani mwaka 1931, na Moreau akampa mkewe Winifred ndege wa Uluguru mwaka 1938. Na hapa, kwa mara moja, kuna jina la mtu wa kwetu linalosikika: Salimu Asumani, aliyekuwa mkusanyaji wa Moreau. Jina halimo katika Kilatini, lakini limo katika kumbukumbu. Mfano mkubwa zaidi unatoka kusini ya mpaka wetu. Jali Makawa, mtu wa Nyasaland, alifanya kazi na C. W. Benson kwa miongo kadhaa, na mwaka 1964 huko Zambia alipiga ndege mdogo ambaye hajaonekana tena. Mwaka 1965 Benson na mwenzake Irwin walimwita makawai. Ni ngozi moja tu duniani, na iko Tring. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba huenda si aina ya peke yake bali ni jamaa wa ndege anayejulikana. Sayansi ina haki ya kufanya hivyo. Ila inaniuma kidogo kwamba jina la Makawa ndilo lililowekwa juu ya ngozi yenye mashaka.

Tena nilikumbuka Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi ya kale. Zaidi ya tani mia mbili zilibebwa vichwani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa aliyesimama ukumbini Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13, ni wa kwetu. Msimamizi wa machimbo alikuwa Boheti bin Amrani, na picha yake ipo. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la bohetii. Ilichukua karibu miaka mia moja, lakini iliwezekana.

Nami nimejiuliza tunachotaka ni nini hasa. Kuna madai mazito kuliko ndege. Mafuvu ya wazee wetu yalipelekwa Ujerumani. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900 na ukoo wake unamtafuta hadi leo. Mwaka 2023 jamaa wa baadhi ya marehemu wa Kilimanjaro walitambuliwa kwa vinasaba, na mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa mauaji ya Majimaji. Mtu si ndege. Fuvu la babu lirudishwe na kuzikwa, hapana mjadala.

Juu ya ndege nina msimamo ambao hauwafurahishi rafiki zangu wote. Siamini kwamba kila ngozi irudi kesho. Ngozi za kale zina kazi ambayo haikudhaniwa na waliozichuna: kutoka kwenye kipande kidogo cha wayo hutolewa vinasaba, kutoka kwenye manyoya hupimwa zebaki iliyokuwamo katika maji ya zamani, na kwa maganda ya mayai yaliyotunzwa makumbusho wataalamu wa Uingereza walithibitisha katika miaka ya 1960 jinsi sumu ya DDT ilivyoyafanya mayai ya ndege wawindaji kuwa membamba. Vita ilipiga jumba la Berlin kwa bomu Februari 1945 na bawa lake la mashariki likaanguka. Lakini walijenga upya, na ndege walio wengi wapo. Ngozi ikirudi Dar es Salaam ikakosa chumba kikavu, umeme usiokatika na mtu aliyelipwa kuitazama, joto letu na dudu watamaliza katika miaka mitano kilichodumu mia.

Lakini wasiseme kwamba hatuwezi kutunza. Fuvu la Zinjanthropus, lililochimbwa Olduvai mwaka 1959, lilikabidhiwa kwetu mwaka 1965, na Makumbusho ya Taifa, yale yaliyoanzishwa 1934 na kufunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, yamelihifadhi. Neno "uwezo" hutumiwa sana na mwenye kitu asiyependa kugawana. Wanaweza kuanza na vilivyo rahisi: kielelezo cha kwanza cha kila ndege wa kwetu, kile ambacho jina lote limefungwa kwacho, kipigwe picha pande zote na kibandiko chake kisomeke, madaftari ya wasafiri yafasiriwe kwa Kiswahili, na vijana wetu walipiwe wakakae huko miezi, si wiki, wakajifunze kazi hiyo na kurudi nayo. Mahali palipo na ngozi kumi na tano za ndege mmoja, tano zije.

Kuna jambo jingine la zama zile ambalo halikuhitaji droo. Kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyejaa juu ya mapaa ya Kariakoo, si wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, na inasemekana aliletwa asafishe takataka. Akavuka bahari, akaingia Dar es Salaam, akala mayai na makinda ya ndege wadogo, akamfukuza mjini kunguru wetu mwenye kifua cheupe. Mitego imetumika, sumu imetumika, na bado yupo. Waswahili husema kunguru hafugiki. Huyu hata kufukuzika imeshindikana. Baba yangu alipoteza vifaranga wengi kwa midomo yao. Hivyo utawala uliochukua ndege wa Usambara waliokufa ulituachia ndege wa Bombay walio hai, na hatukuulizwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Mtoto wa mjini wa leo anamjua kunguru huyo na kuku; shorwe anamwona bila kumjua, na dudumizi anamsikia kabla ya mvua bila kujua ni nani anayelia.

Na ujuzi haukuwahi kukosekana kwa watu wa kawaida. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa, watafiti kutoka Denmark waligundua kwale asiyejulikana na sayansi. Kilichowashtua kwanza ni miguu ya ndege iliyokuwa ndani ya sufuria ya mboga kambini. Aliandikwa rasmi mwaka 1994. Mtu aliyemleta sufuriani hakugundua chochote. Alikuwa amepata kitoweo.

Baada ya ile siku ya droo nilinunua daftari kubwa la mistari pale Mtaa wa Congo, nikaligawa safu tano. Ya kwanza ni jina la Kilatini, ya pili ni mwaka, ya tatu ni mtu aliyetunukiwa, ya nne ni jina la Kiswahili au la kabila la mahali. Safu hii ya nne inajazwa polepole na wazee ninaowauliza, Washambaa na Waluguru waliohamia Magomeni na Temeke, ambao hupiga mluzi kwanza ndipo watamke jina. Ya tano ni mtu aliyempiga, aliyemchuna au aliyembeba. Mbele ya makawai nimeandika Jali Makawa. Kwenye kurasa za Amani nimeandika Salimu Asumani. Mbele ya fischeri, boehmi, fuelleborni, vosseleri na roehli nimeacha nafasi, kila moja mistari mitatu, maana msafara haukuwa wa mtu mmoja.